Susquehanna mwezi Agosti: kumfuata besi wa mdomo mdogo kwa miguu na kayaki

Alhamisi: Baltimore hadi Fort Hunter

Barabara ya I-83 kutoka Baltimore hadi Harrisburg ni mwendo wa saa moja na nusu siku ambayo barabara ina huruma. Alhamisi hii haikuwa nayo. Upande wa York kulikuwa na ukarabati, njia mbili zikageuka moja, na saa mbili na nusu zikapita kabla ya kuuona Susquehanna, mto wa Pennsylvania tuliokuja kuvua samaki aitwaye besi. Ukija siku ya kazi, vuka York kabla ya saa moja asubuhi, au kunywa chai yako kwanza utoke saa nne.

Leseni ikatwe mtandaoni kabla ya kuondoka nyumbani, kwenye tovuti ya Tume ya Samaki na Boti ya Pennsylvania. Leseni ya Maryland haitambuliki huku. Kila mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji yake. Ya siku saba kwa mgeni wa jimbo inakaribia dola 40, ya mwaka mzima ni dola sitini na kitu, kwa hiyo mwenye nia ya kurudi msimu huohuo akate ya mwaka. Kibali cha ziada cha trauti, samaki wa maji baridi, hakina kazi hapa.

Kabla ya kupakia chochote kwenye gari, fungua mtandaoni kipimo cha maji cha Harrisburg kinachoendeshwa na USGS, idara ya jiolojia ya Marekani. Kwenye mto huu kipimo ndicho kinachopanga ratiba, si wewe. Asubuhi hii kilisoma futi 3.4. Namba hiyo si kina cha mahali utakaposimama. Ni urefu wa maji kwenye alama ya kituo, na thamani yake iko katika kulinganisha siku na siku. Karibu na futi 3.5 au chini yake, mtu mzima anatembea majini sehemu nyingi zenye mwamba. Ikifika 4, chagua sana pa kuvuka. Ikipita 4.5, baki kingoni au ndani ya chombo. Angalia pia mchoro unaelekea wapi: futi 3.8 inayoshuka ni siku njema, futi 3.8 inayopanda kwa kasi ni onyo.

Fort Hunter iko kaskazini kidogo ya Harrisburg, ina eneo la kuteremshia boti na maegesho. Chini yake kidogo linaonekana daraja la reli la Rockville, lililomalizika 1902, lenye matao 48 ya mawe na urefu wa futi 3,820. Urefu huo unakupa picha ya upana wa mto: zaidi ya kilomita nzima ya maji, na sehemu kubwa yake kiangazi haipiti kiunoni.

Mgeni hutishwa na upana huo. Anaanza kutupa mshipi popote, na jioni inamkuta mikono mitupu. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mto huu haina besi wa maana saa yoyote unayoitazama. Susquehanna imekata milima kadhaa hapa kaskazini mwa Harrisburg, na matabaka ya mwamba mgumu yamebaki sakafuni kama ngazi zinazokatiza mto kutoka ukingo hadi ukingo. Kati ya ngazi na ngazi kuna mfereji wenye kina zaidi, pengine sentimita 60, pengine mita na nusu. Samaki wamejipanga kwenye hizo ngazi. Tafuta kwanza pengo, yaani mahali ngazi imevunjika na maji yanapita kwa kubanwa. Besi mkubwa hulala pembeni mwa maji hayo ya kasi, kwenye maji yaliyotulia, akisubiri kinacholetwa. Kisha pekua mfereji ulio chini ya ngazi. Na usiruke mbele ya ngazi, upande maji yanakotoka: kuna kijisehemu cha maji tulivu mbele ya jiwe ambacho wengi hukikanyaga wakienda kuvua nyuma yake.

Besi mwenyewe ni samaki wa rangi ya shaba, macho mekundu, mistari ya wima ubavuni. Aliyewahi kuona besi wa Ziwa Naivasha amemwona ndugu yake wa mdomo mkubwa, aliyepandikizwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920. Taya la yule linavuka nyuma ya jicho, la huyu linaishia chini ya jicho. Yule anapenda magugu na maji yaliyolala, huyu anataka mawe na maji yanayotembea. Hata Susquehanna si kwao. Aliletwa karne ya 19 na akazoea.

Jioni ndiyo iliyolipa foleni ya York. Kati ya mwisho wa Julai na Agosti, jua likishazama, wadudu weupe wa mtoni huibuka kutoka sakafuni kwa maelfu, hupandana, hutaga na kufa usiku huohuo. Kwanza ni wawili watatu juu ya maji, dakika kumi baadaye hewa imejaa, wanaingia masikioni na ndani ya kola. Besi wanaacha kila kitu na kunyonya juu ya maji. Hapo funga chambo bandia cheupe cha kuelea, ndoana namba 12, kwenye nailoni nyembamba inayohimili ratili 6, na ukitupe mbele ya samaki mmoja uliyemwona akiinuka, si katikati ya kundi. Chambo chako kina washindani wengi mno. Kama hakipiti juu ya pua yake hakitaguswa. Taa ya kichwa izimwe hadi wakati wa kufunga fundo, la sivyo wadudu wote wa kaunti watakuja kwako. Na toka majini kabla giza halijakomaa, kwa njia uliyoingilia.

Ijumaa: Halifax hadi Clarks Ferry

Kipande hiki ni takriban kilomita 12 kwa kayaki, siku nzima ukivua kwa utulivu. Usafiri wa kurudishwa kwenye gari ulikuwa umepangwa saa moja asubuhi. Saa mbili na nusu mwenye gari hajafika wala hapokei simu. Mzee mmoja aliyekuja kutembeza mbwa wake aliuliza tunangoja nini, akaangalia kayaki, akafungua nyuma ya pikapu yake. Alikataa hela ya mafuta mara mbili. Alichukua chupa ya maji baridi tu. Njiani akaonyesha kwa kidole mahali pa kukaa kushoto na mahali pa kukaa kulia, na ramani yake ya mdomo ikawa sahihi kuliko ya simu. Kwa watakaofuata: muwe na magari mawili, moja liachwe mwisho wa safari. Mkiwa na moja, anayewarudisha alipwe nusu tu kabla.

Maji yakiwa machache kayaki hukwaruza. Ukitazama ngazi kutoka juu, maji yanachora pembe. Pembe ambayo ncha yake inaelekea unakokwenda ni mlango, pita katikati. Ambayo ncha yake inakuelekea wewe ni jiwe lililojificha. Ukikwama, egemea upande wa jiwe, usiegemee upande yanakotoka maji, maana kayaki itanywa maji na kujifunga kwenye jiwe. Nanga usiifunge ubavuni kamwe. Ifungwe nyuma, kwa kamba inayofunguka kwa mvuto mmoja.

Kayaki hapa ni usafiri. Kuvua kwa kweli ni kushuka, kuivuta juu ya ngazi na kutembea. Agosti maji ni ya vuguvugu, suruali nyepesi inatosha. Kinachohitajika ni viatu vyenye soli ya mpira na misumari, fimbo ya kutembelea, na miwani ya jua inayokata mng'ao ili uione sakafu. Mwamba una utelezi wa mwani. Burura mguu, usiuinue. Geuza ubavu kwa maji, si kifua. Hakikisha mguu mmoja umeshika kabla ya kusogeza wa pili. Ukianguka kwenye maji ya kasi, usijaribu kusimama. Lala chali, miguu mbele, uelee hadi maji yapungue. Mguu ukinaswa kwenye ufa wa mwamba na maji yakikusukuma mgongoni, hata maji ya magotini yanazamisha.

Vifaa: fimbo ya kurushia vyambo bandia vyepesi, futi 9, daraja la 7 (daraja ni uzito wa mshipi unaoifaa). La 6 linatosha siku isiyo na upepo, lakini mto mpana hauna siku nyingi za namna hiyo. Mshipi wa kuelea wenye uzito mbele. Nailoni ya mbele iwe futi 9, ikianza nene na kuishia ratili 10 au 12. Chini ya hapo mwamba utaikata. Chambo cha kazi ni kile alichobuni Bob Clouser wa Middletown, mji ulio kando ya mto huuhuu, miaka ya 1980: nywele za mkia wa paa na macho ya chubwi yanayofanya ndoana ipite ncha ikiwa juu, isishike mawe. Chambo hicho, Clouser Minnow, kimeenea dunia nzima, hata baharini, lakini kilizaliwa kwa ajili ya besi wa hapa.

Itupe kukatiza mto, ikielekea chini kidogo. Iache izame kwa hesabu ya mbili au tatu, kisha vuta mshipi kwa mkono, sentimita 20 hivi, simama, vuta tena. Besi wengi hukamata wakati wa kusimama, chambo kikishuka, na hutahisi kitu. Utaona tu mshipi umeacha kutembea au umeyumba kando. Hapo vuta kwa mkono wa mshipi, fimbo ikiwa imelala. Ukiinua fimbo juu, kama wanavyofanya watu wa trauti, unamnyang'anya samaki chambo mdomoni. Na maji yakijaza tumbo la mshipi na kulikokota, chambo kinakimbia kuliko samaki yeyote mdogo. Geuza mshipi kwa kuurushia nyuma, upande maji yanakotoka, mara tu unapotua.

Kati ya saa tano na saa tisa alasiri ni jua kali na samaki wamenuna. Tulikula mahindi ya kuchemsha na nyanya zilizonunuliwa kwenye kibanda cha Waamish, Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, kando ya barabara, kile cha sanduku la hela na hakuna muuzaji: mahindi dola 6 kwa dazeni. Mchana huo kilichofanya kazi ni chambo cha kuelea chenye kichwa cha povu, namba 6, kikitupwa chini ya kivuli cha majani ya mtoni yanayoota kuzunguka visiwa. Kikishatua, kiache. Mawimbi yake yote yaishe. Kigonge mara moja, kisha kiache tena. Asiye na subira hapa anafukuza samaki.

Maili mbili za mwisho kabla ya daraja la Clarks Ferry ni maji yaliyolala na upepo wa usoni. Ni kupiga kasia tu.

Jumamosi: mvua ya Juniata

Usiku kulipiga radi magharibi. Moteli yetu, dola 84 kwa usiku kodi ikiwa ndani, haikupata hata tone, lakini asubuhi mchoro wa kipimo cha Newport kwenye mto Juniata ulikuwa umesimama wima, maji yakipanda kwa kasi. Juniata unaingia Susquehanna hapo Duncannon, na hili ndilo jambo ambalo wageni hawaambiwi: maji ya mito hii miwili hayachanganyiki haraka. Mto ni mpana na si wa kina, kwa hiyo maji ya Juniata hukumbatia ukingo wa magharibi kwa kilomita nyingi. Ukisimama juu ya daraja siku kama hii unaona mstari: kulia kwa anayetazama kusini ni tope jekundu, kushoto maji ya kuona mawe.

Ikitokea hivyo una njia mbili. Baki chini ya Duncannon lakini uvue upande wa mashariki, au panda juu ya makutano. Tulipanda hadi Millersburg, nusu saa kwa gari. Mpango ulikuwa kuvuka kwa kivuko cha mbao chenye magurudumu ya kupiga maji, ambacho hufanya kazi msimu wa joto pale mto unaporuhusu. Haukuruhusu, maji yalikuwa machache upande huu kama yalivyokuwa mengi ule. Ukuta wa mawe uliopangwa mtoni ili kukitunzia kivuko kina ulikuwa umetokeza mgongo.

Ukuta huo lakini ni ngazi kama ngazi nyingine, na besi hawaulizi nani kaijenga. Tuliuvua kwa kutumia chambo cha rangi ya kahawia kinachoiga kamba wa mtoni, kikikokotwa polepole sakafuni, na ndipo alipopatikana mkubwa kuliko wote wa safari, inchi 18 kwenye kipimo cha mpini. Chini ya taya yake kulikuwa na mikwaruzo ya kusugua mawe, na kooni ncha mbili za makucha ya kamba aliyemmeza karibuni zilikuwa bado zinachungulia. Samaki wa urefu huo hapa ana miaka mingi, hukua taratibu.

Ndiyo, alirudishwa. Najua swali la nyumbani: kitoweo kinarudishwaje mtoni? Kwenye sehemu hii sheria inataka besi arudishwe papo hapo. Kuanzia 2005 besi wachanga walikufa kwa wingi kwa maradhi, katika miaka ya maji ya moto na oksijeni kidogo, na idadi ikaporomoka. Kanuni ya kurudisha ikaja, na mto umeinuka tena. Majira ya kuchipua, besi wanapotaga, kunaweza kuwa na kanuni za ziada. Soma kijitabu cha mwaka husika. Mwenye hamu ya samaki avue kambare, hao wamejaa, na wengine ni wavamizi.

Mawe yalikuwa yamekula vyambo vingi, kwa hiyo alasiri ilikwenda kwenye kufunga Clouser nyingine juu ya meza ya bustani. Ndoana namba 2. Funga macho ya chubwi ya wakia 1/50 kwa maji ya magotini, 1/36 kwa mifereji, yakae theluthi moja nyuma ya tundu la ndoana. Yakisogea mbele zaidi kichwa kinakosa nafasi na chambo kinaogelea vibaya. Uzi uyazungushe kwa msalaba, tone la gundi. Nywele nyeupe zifungwe mbele ya macho, zilazwe kati yake na kufungwa tena nyuma. Geuza ndoana. Nyuzi sita hadi nane za kumeta, kisha nywele za kijani-njano juu yake, zifungwe mbele ya macho tu. Kosa la kila anayeanza ni nywele nyingi. Kila fungu lisizidi unene wa kijiti cha kiberiti; likizidi chambo hakizami, na kikivutwa kinazunguka na kusokota nailoni.

Mama wa meza ya jirani alitazama kazi hiyo kwa muda, akaondoka, akarudi na mkia mzima wa paa ambao mumewe aliukausha tangu msimu wa kuwinda. Ukinunua dukani mkia kama huo ni dola 8 na zaidi.

Jumapili: Dauphin, na kurudi

Tope bado liko magharibi, kwa hiyo asubuhi yote ilikuwa upande wa Dauphin. Hapa mto unabanwa na mlima, na juu ya nguzo ya daraja la zamani la reli imesimama nakala ndogo ya Sanamu ya Uhuru. Picha ni nzuri, lakini mawe yaliyo karibu yana maji ya kasi ya kweli. Kwa kayaki, simama juu, tazama, ndipo upite. Jaketi la kujiokolea livaliwe, lisifungwe nyuma ya kiti.

Onyo kubwa zaidi ni la chini: bwawa la Dock Street, kusini mwa kisiwa cha City Island hapo Harrisburg. Ni ukuta mfupi, na ukitoka juu hauonekani kabisa, ni mstari tu wa maji bapa. Chini yake maji hujizungusha na hayamwachii mtu. Limeua watu wengi, wakiwemo wenye boti za injini. Anayeelea kutoka Fort Hunter atoke City Island au West Fairview, asiende hata mita moja zaidi kwa udadisi.

Saa nne kipimajoto cha maji kilikuwa nyuzi 27. Ikipita hapo, pumzisha samaki. Kabla ya hapo, mvute haraka, loanisha mikono, bana kijino cha ndoana kwa koleo kabla hujaanza kuvua ili itoke bila kuchimba, na picha iwe moja, samaki akiwa nje ya maji sekunde chache. Mshike mkono chini ya tumbo. Kumning'iniza kwa taya pekee kunamuumiza aliye mzito.

Gharama kwa mtu mmoja, vyumba na mafuta yakigawanywa wawili: moteli dola 126, mafuta 31, leseni, kukodi kayaki siku moja 45, chakula chini ya 70 kwa sababu ya mahindi.

Kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo, sugua viatu na sehemu ya chini ya kayaki, mwaga maji yote, kausha kabisa. Kamba wavamizi na mwani husafiri kwenye unyevu. Na mwenye viatu vya soli ya manyoya yaliyoshindiliwa avibakize Pennsylvania kwa rafiki: Maryland imevipiga marufuku tangu 2011.